Baa humkaribisha, malisho humtia kamba: Siri ya safari za Waingereza na mbwa wao

MGENI kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anayeingia kwa mara ya kwanza katika baa ya kijijini nchini Uingereza, Jumapili mchana, hukutana na jambo asilolitarajia. Chini ya meza, karibu na moto wa kuni, amelala mbwa. Miguu yake ina tope, mbele yake kuna bakuli la maji lililowekwa na mwenye baa mwenyewe, na hakuna mteja anayeshangaa.

Mgeni huyo akitoka nje na kuifuata njia ya miguu inayopita nyuma ya baa, huenda akakutana na jambo la pili. Kwenye lango la malisho limebandikwa tangazo linaloonya kwamba mbwa atakayekutwa akisumbua kondoo anaweza kupigwa risasi.

Ukarimu ndani ya baa na bunduki malishoni havipishani hata kwa mwendo wa robo saa, na mbwa anayezungumziwa ni yule yule.

Kwa Waingereza walio wengi, kutoka mjini mwishoni mwa wiki pamoja na mbwa, kutembea kilomita chache, kula chakula cha mchana katika baa na kurejea nyumbani jioni ni starehe ya kawaida. Lakini starehe hiyo haikusimama juu ya haki ya mbwa kwenda kila mahali. Imesimama juu ya mapatano kati ya watu watatu: mwenye mbwa, mwenye baa na mfugaji. Mmoja wao akivunja sehemu yake, mlango hufungwa kwa wote.

Taifa la wenye mbwa

Makadirio ya idadi ya mbwa nchini Uingereza hutofautiana, lakini yale yanayotolewa miaka hii hayashuki chini ya milioni 10. Hiyo ni idadi kubwa kwa nchi yenye watu wasiofika milioni 70 na ardhi inayozidi kidogo tu robo ya Tanzania.

Zamani mwenye mbwa alitakiwa kulipia leseni. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 1987, wakati ada yake ilikuwa peni 37 tu, isipokuwa Ireland ya Kaskazini ambako inaendelea hadi leo. Mahali pake yakaja masharti mengine. Kwa amri ya mwaka 1992, mbwa aliye mahali pa hadhara hutakiwa kuvaa ukosi wenye jina na anwani ya mwenyewe. Tangu mwaka 2016, mbwa wa England, Wales na Uskoti hutakiwa pia kuwa na chipu ndogo ya utambulisho chini ya ngozi kabla hajatimiza umri wa wiki nane.

Ipo pia sababu moja kubwa inayowafanya Waingereza wamruhusu mbwa wa mtu baki kulala karibu na miguu yao bila hofu. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa miongoni mwa wanyama wa nchi kavu wa Uingereza mwaka 1922. Katika Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huo bado huua watu, wengi wao watoto, mzazi anayemwita mwanawe haraka anapomwona mbwa asiyemjua hafanyi hivyo kwa ushamba. Anafanya hivyo kwa busara.

Kwa maneno mengine, mbwa aliyelala ndani ya baa ni matunda ya kazi ya zaidi ya miaka 100 ya maofisa wa mifugo na forodha. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mbwa aliyetoka nje ya nchi alifungiwa karantini kwa miezi sita, awe wa tajiri au wa maskini. Utaratibu huo ulianza kulegezwa mwaka 2000, chanjo na vipimo vilipokubaliwa badala ya kifungo.

Mwenye baa ndiye mwamuzi

Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani kwamba sheria inakataza mbwa kuingia mahali panapouzwa chakula. Si kweli. Kanuni za usafi wa chakula, ambazo Uingereza ilizirithi kutoka Umoja wa Ulaya, humtaka mwenye biashara kuzuia wanyama wa kufugwa wasiingie mahali ambapo chakula huandaliwa, hushughulikiwa au huhifadhiwa. Jiko na ghala hayaguswi, lakini ukumbi wa wateja umeachwa chini ya uamuzi wa mwenye baa.

Hii ndiyo sababu baa mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kuwa na msimamo tofauti. Moja huweka mtungi wa biskuti za mbwa kaunta, nyingine hubandika mlangoni tangazo la kukataa. Zote mbili ziko ndani ya sheria.

Utaratibu unaopatikana mara nyingi ni wa kugawa nyumba. Upande wa kaunta, wenye sakafu ya mawe au mbao, mbwa huingia. Upande wa mkahawa, wenye zulia na meza zilizotandikwa vitambaa, haingii. Mgawanyo huo huwalinda pia wateja wanaoogopa mbwa, wanaopata mzio kwa sababu ya manyoya yake, au ambao dini yao huwataka wajiepushe na mate yake.

Kwa hiyo msafiri mzoefu hapendi kubahatisha. Hupiga simu kabla ya kuondoka nyumbani na kuuliza maswali matatu: je, mbwa anaruhusiwa ndani au bustanini tu, je, chakula huletwa upande huo, na je, meza inaweza kuwekwa akiba. Familia iliyotembea saa tatu kwenye mvua na kukataliwa mlangoni huwa na ghadhabu, ingawa aghalabu kosa ni lake.

Wapo mbwa ambao uamuzi wa mwenye baa hauwahusu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humlinda mtu mwenye ulemavu anayeongozwa au kusaidiwa na mbwa aliyefunzwa, kama vile mbwa wa wasioona. Baa, duka au hoteli haiwezi kumfukuzia mbali kwa kisingizio cha kanuni yake ya kutoruhusu mbwa.

Sheria hiyo huwafunga pia madereva wa teksi, jambo ambalo wahamiaji wapya husahau. Dereva anayemkataa abiria kwa sababu ya mbwa wa msaada hutenda kosa la jinai. Anayesamehewa ni yule mwenye hati ya mamlaka ya leseni iliyotolewa kwa sababu za kiafya. Imani ya dini haimo miongoni mwa sababu hizo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Nyuma ya bakuli la maji lipo pia suala la fedha. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zipatazo 60,000. Katika miaka ya karibuni zimepungua hadi kama 45,000. Bia ya bei nafuu ya madukani, kodi, gharama za nishati, marufuku ya kuvuta sigara ndani iliyoanza England Julai 2007, na kufungwa kwa biashara wakati wa janga la Uviko-19 mwaka 2020 na 2021, vyote vimetajwa miongoni mwa sababu.

Baa ya kijijini haifi Jumamosi usiku. Hufa polepole katika siku za katikati ya wiki, mvua inaponyesha na meza zikabaki tupu.

Hapo ndipo mbwa anapokuwa mteja wa thamani. Mtalii wa kawaida akiona mawingu hubaki nyumbani. Mwenye mbwa hana hiari hiyo, kwa kuwa mnyama lazima atembezwe kila siku, iwe Juni au Novemba. Akishalowa na kuchoka, hutafuta paa, moto, supu na glasi. Iwapo baa ya kwanza itamkataa mbwa, familia nzima huhamia ya pili pamoja na mkoba wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa baa nyingi za mashambani, msemo huo sasa unamhusu mgeni mwenye miguu minne.

Ukarimu huo una adabu zake, ingawa hazikuandikwa popote. Mbwa hufutwa tope kabla ya kuingia. Hukaa chini, si juu ya kiti. Halishwi kutoka kwenye sahani ya baa. Kamba yake haiachwi ikatanda njiani ambako mhudumu hupita na bakuli za supu ya moto. Akibweka bila kukoma, mwenyewe humtoa nje bila kungoja kuambiwa.

Njia inayokatiza shamba la mtu

Mgeni kutoka Afrika Mashariki hushangazwa pia na njia zenyewe. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma zinazopita katika ardhi ya watu binafsi. Mwenye shamba hawezi kuifunga njia hiyo kwa matakwa yake. Hutakiwa kuacha lango au ngazi ya kuvukia ukuta, na mpita njia ana haki ya kupita, pamoja na mbwa wake.

Kwenye njia hizo, sheria haisemi kwamba mbwa lazima afungwe kamba kila mahali. Husema kwamba lazima awe chini ya udhibiti wa karibu. Mbwa anayerudi mara tu anapoitwa, hata akimwona sungura, yuko chini ya udhibiti. Yule ambaye mwenyewe humwita mara tano huku akiona aibu, hayuko.

Sheria ya mwaka 2000 iliongeza eneo jingine kubwa: milima, nyika na mbuga za wazi ambako watu huruhusiwa kutembea nje ya njia. Humo masharti ni makali zaidi. Kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, mbwa hutakiwa kuwa kwenye kamba isiyozidi mita mbili. Karibu na mifugo, sharti hilo ni la mwaka mzima.

Tarehe hizo zina sababu. Ndiyo miezi ambayo ndege wengi wa nyika hutaga mayai ardhini, si juu ya miti. Mbwa hahitaji kumng'ata ndege ili kumdhuru. Inatosha apite karibu, mama aruke, na mayai yabaki kwenye baridi.

Uskoti ina utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2003 huwapa watu haki ya kutembea karibu kila mahali mashambani, mradi wafanye hivyo kwa uwajibikaji. Lakini haki pana imekuja na adhabu nzito: tangu mwaka 2021, mtu ambaye mbwa wake ameshambulia au kusumbua mifugo anaweza kutozwa faini hadi pauni 40,000 au kufungwa hadi miezi 12.

Kondoo hufaje bila kuumwa?

Wenye mbwa wa mjini husema, "Mbwa wangu anacheza tu." Kauli hiyo huwaudhi wafugaji kuliko nyingine zote, kwa sababu kondoo hajui tofauti kati ya mchezo na mauti.

Kondoo anapofukuzwa hukimbia mpaka nguvu zimwishie. Kundi hujibana kwenye kona ya ukuta wa mawe, na walio chini hukosa hewa. Kondoo jike mwenye mimba anaweza kuharibu mimba saa au siku kadhaa baadaye, wakati mbwa na mwenyewe wamekwisha kurudi mjini wakiamini kwamba hakuna lililotokea. Mwanakondoo aliyetenganishwa na mama yake katika baridi ya mwezi Machi anaweza asifike asubuhi.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 1953 inayolinda mifugo haikuishia kwenye kung'ata. Kumfukuza mnyama kwa namna inayoweza kumdhuru ni kosa. Hata kumwacha mbwa bila kamba na bila udhibiti wa karibu ndani ya uwanja wenye kondoo ni kosa.

Tangazo la bunduki nalo lina msingi katika sheria ya mwaka 1971. Mfugaji aliyemuua mbwa anaweza kujitetea mahakamani iwapo mbwa alikuwa akisumbua mifugo au alikaribia kufanya hivyo na hapakuwa na njia nyingine ya maana ya kumzuia. Anaweza kujitetea pia iwapo mbwa amekwisha kufanya madhara, bado yuko karibu, hana mtu anayemdhibiti, na hapana namna ya kumjua mwenyewe. Kwa vyovyote, hutakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48.

Katika kifungu hicho cha pili, ule ukosi wenye jina na anwani unapata maana nyingine. Kipande kidogo cha bati shingoni kinaweza kuwa ndicho kinachomtenganisha mbwa na risasi.

Ng'ombe ni habari tofauti

Kwa kondoo, hatari iko kwa kondoo. Kwa ng'ombe wenye ndama, hatari humgeukia mtembezi. Ng'ombe jike humwona mbwa kama mbwa mwitu, na hujaribu kumkanyaga. Mtu aliyemshika mbwa huyo kwa kamba hujikuta katikati.

Mwaka 2009 mwanasiasa David Blunkett, waziri wa zamani wa mambo ya ndani ambaye haoni, aliangushwa na ng'ombe alipokuwa akitembea na mbwa wake wa kumwongoza katika milima ya Peak District. Alivunjika ubavu. Tukio hilo liliwakumbusha wengi kwamba hata mbwa aliyefunzwa kuliko wote hawezi kuibadili silika ya ng'ombe.

Ushauri unaotolewa na mashirika ya usalama unaonekana kupingana na ule wa kondoo, na ni muhimu kuukumbuka. Karibu na ng'ombe, mbwa hushikwa kwa kamba fupi, na kundi huzungukwa kwa mbali. Lakini ng'ombe wakianza kushambulia, kamba huachiliwa. Mbwa ana mbio kuliko ng'ombe na atajiokoa. Binadamu naye atapata nafasi ya kutoka.

Mgogoro wenye umri wa karne nyingi

Mvutano kati ya mbwa na wenye ardhi haukuanza na magari ya mwishoni mwa wiki. Katika msitu wa New Forest, kusini mwa England, uliotengwa na Mfalme William wa Kwanza mwaka 1079 kuwa mahali pake pa kuwinda, mbwa wakubwa wa wanavijiji walikatwa kucha za miguu ya mbele ili wasiweze kuwafukuza paa wa mfalme.

Kipimo kilikuwa kikuku cha kupandia farasi. Mbwa aliyeweza kupenya ndani yake alihesabiwa kuwa mdogo na akaachwa salama. Katika mji mdogo wa Lyndhurst, kikuku cha kale kinachohusishwa na desturi hiyo kimehifadhiwa katika ukumbi wa mahakama ya msitu.

Leo msitu huo ni hifadhi ya taifa, na mbwa hutembezwa humo kwa wingi. Hata hivyo farasi wadogo, ng'ombe na punda wa wanavijiji huzurura humo bila ua, hata barabarani. Kipimo cha leo ni kimoja: je, mbwa huitika anapoitwa?

Matembezi mawili ya mfano

Msafiri anayetaka kuona mapatano haya yakifanya kazi anaweza kwenda Craster, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Northumberland, kinachojulikana kwa samaki wa heringi waliokaushwa kwa moshi. Kutoka bandari yake ndogo, njia ya majani huelekea kaskazini kando ya bahari kwa takriban kilomita mbili, hadi magofu ya ngome ya Dunstanburgh.

Ujenzi wa ngome hiyo ulianza mwaka 1313 kwa amri ya Thomas, mtawala wa Lancaster, aliyegombana na binamu yake Mfalme Edward wa Pili na kuuawa mwaka 1322. Hakuna gari la mtalii linalofika mlangoni. Kila mgeni hutembea, na mbwa huruhusiwa kuingia hadi ndani ya magofu akiwa kwenye kamba. Kamba hiyo huhitajika tangu mwanzo wa safari, kwa kuwa njia hupita katikati ya malisho. Baada ya hapo hurudi kijijini, kwenye chakula na moto.

Mfano wa pili uko Tarn Hows, katika Wilaya ya Maziwa, kaskazini magharibi mwa England. Ni njia ya kilomita tatu hivi kulizunguka ziwa dogo, laini kiasi kwamba hata kiti cha magurudumu hupita. Eneo hilo ni mali ya shirika la hifadhi la National Trust, ambalo lililipata kwa msaada wa Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto za sungura Peter.

Wengi wanamjua Potter kwa vitabu vyake. Wachache wanajua kwamba nusu ya pili ya maisha yake ilikuwa ya ufugaji wa kondoo aina ya Herdwick. Alipofariki dunia mwaka 1943 aliliachia shirika hilo zaidi ya ekari 4,000 pamoja na mashamba yake.

Kondoo hao wa milimani wana tabia ya pekee. Hukaa katika sehemu yao ya mlima bila ua, na kila mama humfundisha mwanawe mipaka hiyo. Elimu hiyo haiwezi kununuliwa mnadani. Mbwa anayelitawanya kundi la namna hiyo haharibu siku moja tu ya kazi ya mchungaji.

Thamani hiyo ilionekana wazi mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoikumba Uingereza na wanyama zaidi ya milioni sita kuchinjwa. Njia za miguu zilifungwa karibu nchi nzima. Wafugaji walipoteza mifugo, na baa na nyumba za wageni za vijijini zikapoteza wateja. Mwaka ule ulidhihirisha kwamba mfugaji, mwenye baa na mtembezi wamo katika mtumbwi mmoja.

Barabarani: hatari iliyo kimya

Safari yenyewe ina mambo yake. Kanuni za barabara za Uingereza husema mbwa ndani ya gari lazima azuiwe kwa mkanda maalumu, kizimba au wavu, ili asimsumbue dereva wala kurushwa gari likifunga breki ghafla.

Hatari kubwa zaidi huja gari likiwa limesimama. Nje kukiwa na nyuzijoto 22, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeiita baridi, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema. Hewa anayoivuta ikiwa na joto kuliko mwili wake, kuhema hakumsaidii tena. Mbwa wenye nyuso bapa, kama vile bulldog na pug, ndio huzidiwa mapema.

Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na kivuli huhama. Kwa sababu hiyo, mahali pa kusimama huchaguliwa kabla ya safari kuanza. Baadhi ya vituo vya mapumziko kwenye barabara kuu haviruhusu mbwa ndani ya jengo, isipokuwa wa msaada, lakini vingi vina uwanja wa kumtembeza. Wasafiri wawili hupokezana: mmoja akila, mwingine hubaki nje na mbwa.

Kituo cha Tebay, kwenye barabara ya M6 huko Cumbria, kina historia inayofaa kusimuliwa. Kilifunguliwa mwaka 1972 na familia ya wafugaji wa milimani ambao barabara hiyo ilikata shamba lao. Badala ya kulalamika maisha yote, waliamua kuwauzia wasafiri chakula. Hivyo mwenye mbwa anayesimama hapo kunyoosha miguu anapokewa na mfugaji kabla hata hajayafikia malisho.

Asiye na gari pia hajasahauliwa. Katika treni nyingi za Uingereza, abiria mmoja huruhusiwa kusafiri na mbwa hadi wawili bila nauli, mradi wawe kwenye kamba au kizimbani na wasikalie viti.

Ufuko na mfuko

Fukwe ndizo huwachanganya watu zaidi. Halmashauri nyingi hufunga fukwe zao maarufu kwa mbwa tangu Mei hadi Septemba, kipindi cha watoto kuogelea, kisha hufungua tena majira ya baridi. Ufuko wa jirani unaweza kuwa wazi mwaka mzima. Kibao kilicho mlangoni ndicho sheria. Anayekipuuza anaweza kutozwa faini ya papo kwa papo hadi pauni 100, na akifikishwa mahakamani hadi pauni 1,000.

Masharti hayo hayo mara nyingi hugusa kinyesi. Kukiokota kwa mfuko si suala la harufu pekee. Kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo yanayodhuru macho ya watoto, na vijidudu vinavyosababisha ng'ombe kuharibu mimba. Mfugaji anayeona kinyesi kwenye majani ya kulisha mifugo yake haoni uchafu. Anaona ndama ambaye huenda asizaliwe.

Kero mpya ni watu wanaookota kinyesi, wakafunga mfuko vizuri, kisha wakautundika kwenye tawi la mti na kwenda zao. Mfuko wa plastiki uliotundikwa hudumu muda mrefu kuliko kinyesi chenyewe.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki

Anayetaka kuhamia Uingereza na mbwa wake kutoka Kenya au Tanzania anapaswa kuanza maandalizi mapema. Mbwa huwekwa chipu kwanza, ndipo huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Baada ya siku zisizopungua 30 huchukuliwa damu kupimwa, na iwapo majibu ni mazuri, hungoja miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu hiyo. Siku moja hadi tano kabla ya kuwasili hupewa dawa ya minyoo ya tegu. Akikosa sharti mojawapo, anaweza kuwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe.

Aidha, si kila mbwa anaruhusiwa. Aina kadhaa zimepigwa marufuku chini ya sheria ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari. Tangu Februari 1, 2024, kumiliki mbwa aina ya XL Bully bila hati maalumu ni kosa England na Wales, na aliye na hati lazima afungwe kamba na kifunga mdomo hadharani. Sheria hiyo ilitanguliwa na mashambulizi yaliyoua watu.

Mbwa mwenyewe haelewi lolote kati ya haya. Hajui kwamba sakafu ya mawe anayoilalia ni ya hiari ya mwenye baa, wala kwamba lango alilopita asubuhi lina mwenyewe anayehesabu wanakondoo wake kila alfajiri. Mapatano yote yako mikononi mwa aliyeishika kamba. Akiilegeza mahali pasipostahili, aghalabu si yeye atakayelipa kwanza. Atalipa kondoo, kisha mfugaji, na mwisho mbwa.